Ala ya ngozi si mahali pa kuhifadhia sgian-dubh

Wengi huamini kuwa sgian-dubh, kisu kidogo ambacho Waskoti huchomeka kwenye soksi wanapovaa kilti (sketi yao ya jadi), kiko salama zaidi kikikaa ndani ya ala yake. Sivyo. Ngozi hunyonya unyevu, nayo mara nyingi huwa na asidi iliyobaki tangu ilipotengenezwa. Chuma hushika kutu, shaba huota ukoko wa kijani. Vidoa vya kwanza huonekana pale bapa linapogusana na ngozi.

Baada ya sherehe kichomoe, futa jasho na alama za vidole kwa kitambaa laini kikavu, kisha paka bapa utando mwembamba wa mafuta ya madini. Kihifadhi kando na ala.

Mpini wa mpingo au pembe ya kulungu usiuloweke kamwe: unaweza kupasuka ukikauka, na gundi inayoshika jiwe la pambo kwenye kichwa cha mpini ikaachia.