SSD ya laptopu kuukuu: kuingia kwenye sloti si kufanya kazi

Mtu wa Wete, Pemba, akimwagiza jamaa yake aliyeko Unguja amnunulie SSD (diski isiyo na sahani ya kuzunguka), akosee aina tu, kuirejesha sokoni Darajani kunataka boti nyengine. Ndiyo maana dhana potofu kuhusu SSD zinaniudhi: zinamla pesa mtu aliyejinyima ili laptopu yake ya mtumba imfae zaidi.

Inayoongoza ni kuwa SSD zote ni moja, unachotazama ni GB tu. Si kweli. Laptopu nyingi za miaka ya 2008 hadi 2015 zinatumia diski ya inchi 2.5 ya SATA, yaani njia ya kuiunganisha diski na mashine. Baadhi zina sloti ya mSATA, kadi fupi isiyo na gamba. Za baadaye zina M.2, sloti ya kadi nyengine isiyo na gamba. MacBook Air za 2010 hadi 2017 zina pini za Apple wenyewe, na M.2 ya kawaida haiingii humo bila adapta. Basi fungua kifuniko cha chini kwanza, au mpelekee fundi afungue, ndipo uulize bei.

Kwenye M.2 ndiko watu wanakoumia zaidi, kwa sababu wanaamini ikishaingia imekubali. M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna SATA na kuna NVMe, njia nyengine iliyo mpya na ya kasi zaidi, na sloti ya SATA pekee haitoiona NVMe hata ukiikaza skrubu vizuri. Ishike kadi uitazame upande wa pini za dhahabu: ya SATA kwa kawaida ina mikato miwili, ya NVMe kwa kawaida mmoja. Lakini zipo NVMe zenye mikato miwili, kwa hivyo usihukumu kwa jicho peke yake. Soma lebo, kisha soma mwongozo wa matengenezo wa modeli yako, ambao kampuni nyingi huuweka bure intaneti. Humo utaona pia urefu: 2280 ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80, 2242 ina urefu wa 42. Sloti iliyotengenezewa 42 haina nafasi ya 80.

Wengine huambiwa laptopu yao ni ya zamani mno, SSD ya SATA III (toleo la tatu la SATA) haitofanya kazi. Itafanya. Kwenye SATA II, toleo lililotangulia, itashuka tu hadi mwendo wa sloti, kama megabaiti 280 kwa sekunde badala ya 550. Na bado utaona mabadiliko makubwa, kwani kinachoichelewesha laptopu kuwaka ni diski ya zamani ya sahani inayozunguka kutafuta mafaili madogo madogo yaliyotawanyika: kila utafutaji huchukua kama milisekunde 10 au zaidi, na SSD humaliza kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Kwa mashine ya namna hii, kulipia zaidi SSD eti ina kasi kuliko zote ni kutupa pesa.

Unene nao una habari yake. SSD nyingi za inchi 2.5 zina milimita 7, na diski nyingi za zamani zilikuwa na 9.5. Nyembamba ikicheza ndani, huwekewa kifremu cha plastiki cha milimita 2.5. Kinyume chake hakiwezekani: ThinkPad X220 ya 2011, kwa mfano, inapokea 7 tu. Na ukitoa diski ya zamani, usitupe kile kifremu chake cha chuma na skrubu zake. SSD mpya mara nyingi huja bila navyo.

SSD haitibu feni iliyojaa vumbi wala RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2.

La mwisho ni SSD ya TB 2 (kama GB 2,000) kwa bei ya kutupa. Kompyuta kuandika TB 2 si ushahidi, maana zipo za bandia zilizopangwa zidanganye ukubwa. Endesha H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac: programu hizi huijaza diski kisha huyasoma tena yaliyoandikwa. Huchukua muda mrefu, kwa hivyo patana na muuza duka kabla ya kulipa kwamba ikifeli utairejesha, na usihamishie kazi za skuli wala picha za harusi mpaka ifaulu.