Pamba hawakupanda kwa mchujo jamani

Juzi pale mwaloni Kirumba nikisubiri sato wapimwe nikasikia tena ile stori, eti Pamba Jiji, timu yetu ya mpira ya Mwanza, msimu wa 2023/24 walipanda Ligi Kuu kwa mlango wa nyuma, yaani kwa mechi za mchujo, kwa sababu hawakuwa mabingwa, bingwa alikuwa KenGold. Hapana wazee, hilo la ubingwa ni kweli ila la mlango wa nyuma sio, na linaniuma maana tumekaa miaka 23 bila Ligi Kuu na watu wamesota uwanja wa Nyamagana juani.

Iko hivi. Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, ile tuliyozoea kuiita Daraja la Kwanza, ilikuwa na timu 16, kila mmoja anacheza mechi 30, nyumbani na ugenini. Wa kwanza na wa pili WOTE wanapanda moja kwa moja, bingwa anabeba kombe tu. Pamba, Lindanda wenyewe, walimaliza wa pili, basi, kazi imeisha.

Mchujo ni wa wa tatu na wa nne. Waulize majirani zetu wa Musoma, Biashara United, msimu huohuo waliwatoa Mbeya Kwanza watu wakadhani wameshapanda, kumbe bado kuna Tabora United wa Ligi Kuu waliopoteza mchujo wao na JKT Tanzania, wakakutana nao nyumbani na ugenini na Tabora wakabaki. Yaani unashinda mchujo wa kwanza na bado msimu unaofuata uko kulekule Championship, kwa kweli niliwaonea huruma sana.