Hanang haikulipuka

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe na wanakijiji, tukizungumzia makorongo yanayoshuka kwenye mashamba yao, bibi mmoja akanyoosha mkono: “Mwanangu, na huu mlima wetu utalipuka lini, kama ule wa Katesh?” Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Tangu nimalize shahada ya uzamivu na kuingia kwenye utafiti wa maporomoko ya ardhi, swali hili nimelikuta karibu kila kijiji.

Mlima huo wa Katesh ni Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, nao haukulipuka. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ikiwa imeshailowesha milima, sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia, ikameguka. Kilichoshuka Katesh, Gendabi na Jorodom ni tope, mawe na magogo. Watu zaidi ya 80 walifariki. Moto haukuwepo, wala lava, na wataalamu wa miamba wa serikali walilisema hilo siku zilezile.

Uvumi una mizizi yake, sikatai. Hanang ni volkano ya kale, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na Oldoinyo Lengai iliyo hai haiko mbali sana. Tena tope la aina hii hunguruma na kutetemesha ardhi linapokuja. Mtu aliyeshtuliwa usingizini na mngurumo huo atasema nini zaidi ya “mlima umelipuka”? Ila ule ni mngurumo wa mawe yanayogongana ndani ya tope.

Kinachonikera ni pale kosa hili linapoua. Anayengoja volkano hutazama kileleni kama kuna moshi. Korongo lililo nyuma ya jiko lake halitazami kabisa, na hatari inakuja kwa njia hiyo. Tope lililojaa mawe laweza kuwa na uzito unaokaribia mara mbili ya maji ya ujazo uleule, ndiyo maana hubeba jiwe kubwa kama gari na kulisukuma mbele kabisa ya mkondo. Kwenye mteremko mkali laweza kwenda mita 10 kwa sekunde au zaidi. Ukikimbia kufuata bonde, litakukuta.

Katika kijiji hichohicho fundi mmoja alikuwa akichimba shimo la choo. Alilalamika kwamba kuanzia usawa wa kiuno ni mawe matupu. Nikashuka nikatazama. Mawe ya ukubwa wa ndoo yalikuwa yamening'inia ndani ya udongo wa mfinyanzi bila mpangilio wowote, makubwa kwa madogo. Mto wa kawaida hauachi kitu namna hiyo: mchanga huuweka na mchanga, kokoto na kokoto. Lile lilikuwa tope la zamani. Juu yake palikuwa na udongo mweusi wa shamba, kisha chini ya tope hilo tabaka jingine la mawe kama la kwanza. Maana yake korongo lile limeshatapika hapo mara mbili, angalau, kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa.

Kwa hiyo nawaambia watu jambo moja, na nitaendelea kulirudia: mvua ikinyesha sana, msikilize mto. Ukiona maji yamepungua ghafla na huku mvua haijakatika, ujue kuna kitu kimeziba huko juu, na kikiachia kitakuja chote kwa pamoja. Maji yakigeuka tope zito ghafla, au ukisikia mawe yanagongana, toka. Nenda pembeni ya korongo, upande mwinuko. Godoro liache, na mbuzi waache.

Yapo na maneno mengine ninayoyasikia vijijini. “Tupande miti, basi yameisha.” Pandeni, nami napanda. Lakini mizizi hushika udongo wa juu tu. Mlima ukimeguka chini ya mizizi, miti hushuka pamoja nao na kuwa magogo ya kubomolea kuta.

“Tetemeko jingine litapiga leo saa nne usiku.” Ujumbe wa namna hii husambaa kwenye simu kila ardhi inapotikisika. Futa. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 halikutabiriwa na mtu, kwa kuwa hakuna chombo duniani kinachoweza kutaja siku na saa.

“Hiyo ni mvua ya miaka mia, imeshapita.” Hapa lawama ni yetu watafiti, tumewapa watu neno baya. Mvua ya miaka 100 ni ile yenye nafasi 1 kati ya 100 ya kunyesha kila mwaka, na mwaka huu ikinyesha, mwakani nafasi ni ileile. Ukikaa kwenye nyumba moja miaka 30, nafasi ya kukutana nayo walau mara moja inapita robo.

Mkutano ulipoisha, yule bibi alinishika mkono tukaenda kwake. Tulihesabu hatua kutoka mlango wa jiko hadi ukingo wa korongo: kumi na nane. Chumba cha wajukuu kiko upande huohuo. Jioni ile kijana wake alihamisha kitanda chao kwenda chumba cha mbele, cha upande wa mwinuko, na bibi akaniuliza kama njia ya kupandia kwa jirani ifyekwe kabla ya masika. Nikamwambia ifyekwe kesho.