Yes na Pink Floyd: tunayoyaamini kuhusu waliohama na waliofukuzwa

Ukitaja Yes, Pink Floyd na bendi nyingine za Uingereza za roki ya progresivu (roki ya nyimbo ndefu zenye mpangilio tata), utaambiwa haraka kwamba wazee wale walivunjika kwa chuki. Ugomvi ulikuwepo, tena mwingi. Ila sababu zinazotajwa mara nyingi sizo.

Dhana: mpiga drams Bill Bruford aliihama Yes mwaka 1972 kwa kuwa bendi ilikuwa inayumba

Aliihama ikiwa juu, albamu ya *Close to the Edge* ikiwa imeshakamilika. Kilichomchosha ni namna ya kufanya kazi. Wimbo uliobeba jina la albamu una karibu dakika 19, na haukupigwa kwa mkupuo mmoja. Walirekodi kipande kifupi, wakakibishania, wakarekodi kingine. Kisha fundi mitambo Eddy Offord akakata utepe na kuunganisha vipande. Juu ya hapo mpiga besi Chris Squire alikuwa mchelewaji sugu: walimwita Samaki kwa sababu akiingia bafuni hatoki. Bruford, mtu wa jazi, aliona siku zinaliwa bure. Akaenda bendi nyingine, King Crimson.

Dhana: anayeletwa kuziba pengo ni wa kupita tu

Alan White, mpiga drams aliyechukua nafasi ya Bruford, alipewa siku tatu hivi kujifunza onyesho zima kabla ya kupanda jukwaani Dallas, Marekani, 30 Julai 1972. Kukariri nyimbo ndefu ni nusu ya kazi. Hesabu ya mapigo hubadilika katikati ya wimbo, na besi ya Squire haikai chini kumsubiri mpiga drams, inatembea na njia yake kama gitaa la solo. Ukipoteza pigo moja hapo huna wa kumshika. White alibaki hadi alipofariki Mei 2022, karibu miaka 50.

Jambo ambalo wengi hawalijui: Bruford alitakiwa agawane na White mirabaha ya *Close to the Edge*, albamu ambayo White hakuipigia hata pigo moja. Kuondoka ziara ikiwa imeshapangwa kuna bei yake.

Dhana: Rick Wakeman alikula jukwaani ili kuwadhalilisha wenzake

Hiki kisa kimeongezewa chumvi. Ilikuwa Manchester, ukumbi wa Free Trade Hall, Yes wakipiga albamu yao *Tales from Topographic Oceans*: nyimbo nne, kila mmoja umejaza upande mzima wa santuri. Wakeman, mpapasa kinanda, alikuwa na nafasi ndefu asizopiga kitu. Fundi wake alilala chini ya kinanda cha Hammond, tayari kwa lolote litakaloharibika. Kwa maelezo ya Wakeman mwenyewe, fundi alimuuliza atakula nini baada ya onyesho. Akaagiza kuku wa vindaloo, pilau, bamia na papadamu, na chakula kikaletwa onyesho likiendelea. Akakipanga juu ya vinanda. Mwimbaji Jon Anderson akasogea, akatazama, akachukua papadamu moja, akarudi kuimba. Huo si ugomvi. Tatizo halisi lilikuwa muziki wenyewe: Wakeman aliona mawazo ya santuri moja yamevutwa yatoshe mbili. Mei 1974 akaondoka.

Dhana: mwenye sauti ndiye mwenye bendi

Anderson alitoka 1980, na albamu ya *Drama*, ikiimbwa na Trevor Horn, ikafika namba 2 kwenye chati za Uingereza. Wimbo pekee wa Yes uliowahi kushika namba 1 Marekani, mwanzoni mwa 1984, ulitokana na kikosi kilichoanza kwa jina la Cinema na gitaa la Trevor Rabin wa Afrika Kusini. Anderson aliitwa mwishoni kuja kuimba. Mwaka 1989 yeye na wenzake watatu wa zamani wakatoa albamu kwa majina yao wenyewe, maana jina la Yes lilikuwa mikononi mwa upande wa Squire. Mawakili wakaingia. Mwaka 1991 pande zote mbili zikaungana kwenye ziara moja, watu wanane jukwaani: wapiga drams wawili, vinanda viwili, magitaa mawili. Kwa maoni yetu walizidi.

Roger Waters, mpiga besi na mwimbaji wa Pink Floyd, alikutana na jambo hilohilo. Alipotoka 1985 aliamini bendi imeishia hapo, akaenda mahakamani 1986. Makubaliano ya 1987 yakawaachia wenzake David Gilmour na Nick Mason jina. Waters akabaki na haki za albamu ya *The Wall*, pamoja na yule nguruwe mkubwa wa kujaza hewa wa kwenye maonyesho yao.

Dhana: aliyefukuzwa ndiye aliyepoteza

Richard Wright, kinanda, alisukumwa nje ya Pink Floyd mwaka 1979 wakati *The Wall* inarekodiwa. Akakubali kupiga kwenye maonyesho ya 1980 na 1981 kama mwanamuziki wa mshahara. Kila usiku ukuta wa matofali ya maboksi ulijengwa mbele ya hadhira hadi ukaifunika bendi, kisha ukabomolewa, na gharama zikala mapato yote. Wanachama watatu waliobaki wakagawana hasara. Wright akachukua mshahara wake, akawa mtu pekee wa Pink Floyd aliyepata faida.