Kapitesheni ni nini? Safari ya ruzuku ya mwanafunzi kutoka Hazina hadi shuleni

Kapitesheni ni fedha ambazo serikali huzipeleka shule ya umma kwa kuhesabu wanafunzi: idadi yao mara kiwango kilichowekwa kwa kila mmoja. Katika nyaraka za Tanzania huitwa ruzuku ya uendeshaji, lakini ofisini kwa mwalimu mkuu na kwenye mkutano wa wazazi neno linalotumika ni kapitesheni. Kazi yake ni kuendesha shule siku hadi siku: chaki, karatasi za mitihani, bawaba ya mlango uliong'oka, mipira, umeme wa LUKU. Mishahara ya walimu haimo. Madarasa na vyoo vipya navyo havimo. Majengo hayo hutokana na miradi kama BOOST kwa shule za msingi na SEQUIP kwa sekondari, mapato ya ndani ya halmashauri na nguvu za wananchi. Chakula cha mchana cha shule za kutwa hakimo pia, ndiyo maana wazazi huchangia mahindi na maharage. Mabishano mengi kwenye mikutano ya wazazi huanza pale mtu anapoidai kapitesheni ifanye kazi isiyo yake.

Elfu kumi inayofika ikiwa elfu sita

Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na cha sekondari ni 25,000. Si zote zinazoingia kwenye akaunti ya shule. Kwa msingi, 4,000 hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huenda shuleni. Kwa sekondari hukatwa katikati: 12,500 shuleni, 12,500 vitabu. Sekondari hupokea pia fidia ya ada iliyofutwa, yaani 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, lakini hilo ni fungu jingine na linapaswa kuandikwa peke yake.

Fedha hizi zimepangwa kutumwa kila mwezi, kwa hiyo 6,000 za mwaka ni 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule yenye wanafunzi 600 itegemee 300,000 kwa mwezi, sawa na 3,600,000 kwa mwaka. Hesabu hii fupi kila mjumbe wa kamati ya shule anapaswa kuwa nayo kichwani kabla hajakaa kikaoni. Kiasi kilichoingia kikiachana nayo sana, kuna maelezo machache tu yanayowezekana: idadi ya wanafunzi iliyotumika ni ya zamani, fedha za miezi miwili zimekuja pamoja, au mgao ulipungua kabla ya kufika. Yote matatu yanathibitika kwa taarifa ya benki.

Kitu kimoja huchanganya watu. Mpango wa elimu bila malipo ulipoanza Januari 2016, ulikuja na posho ya madaraka: 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, 250,000 kwa mkuu wa shule ya sekondari, na 250,000 kwa afisa elimu kata. Posho hiyo ni haki ya mhusika kwa kazi ya kusimamia. Haikatwi kwenye 500 za mtoto, na kamati haina mamlaka ya kuigawa.

Je, 500 inatosha? Darasa la Saba lenye wanafunzi 80 likifanya mtihani wa ndani wa masomo sita, kila mtihani kurasa tatu, ni kurasa 1,440. Ukurasa mmoja ukigharimu shilingi 50 kuchapa, mtihani mmoja wa darasa moja umekula 72,000 kati ya zile 300,000. Bado madarasa mengine sita, bado chaki. Kiwango cha 10,000 kilitokana na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002 baada ya ada kufutwa 2001. Wakati huo dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, dola ilikuwa imepita 2,100 na kiwango kilikuwa kile kile. Mwalimu mkuu anayeshindwa kuchapa mitihani yote asidhaniwe mwizi kabla ya hesabu hii kufanywa.

Kanuni ya kuhesabu vichwa ina dosari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha: inaziumiza shule ndogo. Shule ya wanafunzi 120 kijijini hupata 60,000 kwa mwezi. Lakini taarifa za kuandika ni zile zile, mlango uliovunjika unagharimu vile vile, na nauli ya mwalimu mkuu kwenda benki wilayani pengine ni kubwa kuliko ya mwenzake wa mjini. Shule ya wanafunzi 1,500 ina msongamano wa kutisha darasani, ila 750,000 za kwa mwezi zinaipa nafasi ya kupanga. Kuongezea kila shule kiasi cha chini kisichotegemea idadi kungerekebisha sehemu kubwa ya tatizo hili.

Nani mwenye sauti

Shule za serikali ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Wizara ya Elimu hutunga sera na kuthibiti ubora, Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa mitaala, Baraza la Mitihani (NECTA) hutahini. Kabla ya 2016 kapitesheni ilipitia kwenye akaunti za halmashauri, na huko ilichelewa, ilipungua, mara nyingine ilielekezwa kwenye matumizi mengine. Tangu elimu bila malipo ianze, Hazina huituma moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hatua hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo mkurugenzi wa halmashauri ndiye anayebaki afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha hizo: fedha hazipiti mikononi mwake, lakini Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akikuta hati za malipo zisizo na viambatisho, hoja ya ukaguzi inaandikwa kwa halmashauri. Ndiyo maana afisa elimu na mhasibu wa halmashauri huzifuatilia kwa karibu fedha ambazo hawazishiki.

Ndani ya shule ya msingi chombo chenye uamuzi ni kamati ya shule, na sekondari ni bodi ya shule. Mwalimu mkuu ni katibu. Kamati ndiyo inayopitisha mpango na bajeti ya mwaka, na ndiyo inayoidhinisha matumizi kwa muhtasari wa kikao uliosainiwa.

Mzunguko wenyewe huanza na takwimu. Idadi ya wanafunzi hukusanywa kila mwaka, na hiyo ndiyo inayobeba mgao. Kisha mwalimu mkuu huandaa bajeti, kamati huipitisha, nayo huingizwa kwenye mfumo wa mipango wa halmashauri. Fedha zikiingia, kiasi kinapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kikao kinakaa na kuamua manunuzi. Mzabuni analeta vifaa pamoja na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi; wajumbe walioteuliwa kuvipokea wanavikagua na kuvihesabu, vinaandikwa kwenye leja ya stoo, ndipo malipo yanafanyika kwa hati ya malipo. Mwisho, mapato na matumizi yanaingizwa kwenye FFARS, mfumo wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma uliokuja 2017.

Hitilafu nyingi hutokea sehemu mbili za mzunguko huo. Ya kwanza ni takwimu. Idadi ikipandishwa, shule inalipwa watoto wasiokuwepo. Mwaka 2016 serikali iliagiza uhakiki wa wanafunzi hewa na walimu wakuu kadhaa walivuliwa madaraka. Kinyume chake hutokea pia: shule inapokea watoto wengi wa uhamisho katikati ya mwaka, na fedha zao hazionekani hadi takwimu mpya zisomwe. Ya pili ni kupokea vifaa. Hati inasema boksi 20 za chaki na leja inasema 20, lakini stoo kuna 12, kwa sababu wajumbe walisaini mezani bila kuingia stoo. Saini ya mjumbe asiyehesabu ndiyo inayomfunika mwizi, na mkaguzi akija miezi minane baadaye hana tena njia ya kujua nani alidanganya. Kinga yake haina gharama yoyote: hesabu kwanza, saini baadaye.

Kapitesheni na ufaulu

Je, fedha zikifika kamili, watoto wanajifunza zaidi? Swali hili limepimwa nchini. Katika mpango wa KiuFunza ulioendeshwa na shirika la kiraia la Twaweza mwaka 2013 na 2014, shule 350 katika wilaya 10 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata 10,000 kwa kila mwanafunzi moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kundi la pili halikupata ruzuku hiyo, ila walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa bonasi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu jaribio la kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na lililobaki halikupata kitu. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Pale ruzuku ilipoambatana na bonasi, alama zilipanda waziwazi, zaidi ya jumla ya kila kimoja peke yake.

Sababu mojawapo inafaa kuzingatiwa na kila mzazi: familia za shule zilizopata ruzuku zilipunguza matumizi yao wenyewe kwa elimu ya mtoto. Fedha za serikali zilichukua nafasi ya fedha za nyumbani badala ya kuongezwa juu yake. Hii haina maana kwamba kapitesheni ni kazi bure. Kitabu kabatini hakimfundishi mtoto, na mwalimu mwenye ari bila karatasi naye amefungwa mikono. Viwili hivi vinahitajiana.

Kwa hiyo kuipima kamati ya shule kwa asilimia ya ufaulu wa Darasa la Saba ni kuipima vibaya. NECTA huhesabu waliopata daraja A hadi C kuwa wamefaulu, na asilimia hiyo inategemea waliofanya mtihani, haiwataji walioacha shule njiani. Pia haioneshi kama C za mwaka jana zimekuwa A. Tangu Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza orodha ya shule bora, jambo jema kwa shule za vijijini zilizokuwa zikilinganishwa na shule zinazochuja wanafunzi wa kuwapokea. Kamati itazame mahudhurio, upimaji wa Darasa la Nne, na idadi ya watoto wa Darasa la Pili wanaosoma aya fupi bila kukwama. Hapo ndipo fedha za mitihani ya ndani na vitabu huonekana kama zimefanya kazi.

Kenya ina dhana hiyo hiyo kwa viwango tofauti: shilingi za Kenya 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi, 15,042 kwa sekondari msingi (darasa la 7 hadi la 9) na 22,244 kwa sekondari, kwa mwaka. Mgao wa sekondari umepangwa kufuata mihula kwa uwiano wa 50, 30 na 20, na husimamiwa na bodi ya usimamizi chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Ugonjwa mkubwa huko ni kuchelewa: muhula unaanza kabla ya mgao, na mwalimu mkuu anakopa vyakula na vifaa kwa wazabuni ambao baadaye hupandisha bei kufidia kungoja.

Mzazi wa Tanzania anayetaka kufuatilia aanze na ubao wa matangazo, kisha amwombe mwenyekiti wa kamati vitu vitatu vya robo mwaka iliyopita: taarifa ya benki, muhtasari wa kikao kilichoidhinisha matumizi, na leja ya stoo. Azisome pamoja, tarehe kwa tarehe. Malipo yaliyotangulia kikao, au kifaa kilicholipiwa lakini hakimo kwenye leja, yaulizwe kwa maandishi kwa kamati, na nakala iende kwa afisa elimu kata. Jibu lisipopatikana, barua iende kwa mkurugenzi na kwa diwani wa kata, ambaye ana nafasi ya kuliuliza kwenye Baraza la Madiwani. Palipo na dalili ya kughushi risiti, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana ofisi wilayani.