Je, wajua kwa nini swali la uhandisi huzama kundini bila jibu?

"Wakuu, nyumba ina nyufa, shida ni nini?" Maswali ya namna hii hutumwa sana katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi na watafiti wa uhandisi hapa Dodoma. Mmoja atajibu "msingi mfupi", mwingine "saruji kidogo", na kabla ya jioni tangazo la semina limeshalifunika swali.

Lawama huwaangukia wanakundi, eti ni wavivu. Ukweli ni kwamba swali halina kipimo hata kimoja, na anayejua kazi yake hataki kubahatisha mbele ya wenzake. Angalia linavyobadilika likiulizwa hivi: "Kiwanja kipo mbugani, udongo mweusi. Ufa unaanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari. Chini una milimita 1, juu milimita 4. Ulifunguka Oktoba, ukapungua Februari. Msingi una kina cha sentimita 60."

Hapo kila neno ni kazi. Ufa mpana juu kuliko chini unaonyesha kona ya nyumba inashuka. Kufunguka kiangazi na kujifunga masika kunaelekeza kwenye mfinyanzi unaovimba kwa maji na kusinyaa kwa ukame, kwa sababu udongo wa pembezoni hukauka kabla ya ule ulio chini ya sakafu. Mwenye maabara sasa ana la kusema: chekecha udongo mkavu kwa chekeche la milimita 0.425, mimina sentimita za ujazo 10 polepole kwenye silinda ya mililita 100 yenye maji, uache utulie, kisha usome ujazo wake. Ukifika 20, umevimba asilimia 100, na udongo wa kiwango hicho unaweza kuharibu jengo, hasa lililo jepesi. Chini ya asilimia 50, mara chache huleta madhara. Aliyeuliza naye apige alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa, apime kila baada ya wiki mbili, arudishe majibu kundini.

Kwa hiyo anayeanzisha kundi aanze na fomu fupi ya swali: mahali, vifaa, vipimo, lililokwisha kujaribiwa. Mistari minne inatosha. Ikizidi, watu wataikimbia. Picha iwe na rula kando ya ufa na itumwe kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na ufa wa nusu milimita unaweza kupotea kabisa.

Woga nao unaua makundi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili haandiki mbele ya profesa. Tatizo hili ni la zamani kama mtandao wenyewe. Tarehe 7 Aprili 1969, Steve Crocker, mwanafunzi wa shahada ya juu huko California, alitoa waraka wa kwanza wa kujadili jinsi kompyuta zitakavyozungumza. Hakutaka yeye na wenzake waonekane wanatoa amri, akauita ombi la maoni. Waraka wa 3 ukaweka wazi kwamba sentensi moja inatosha kuwa mchango. Kila waraka ulipewa namba, na ukishatolewa haubadilishwi. Marekebisho huja kwa namba mpya. Nyaraka hizo zinaendelea kutolewa hadi leo, na kwa maoni yetu namba ndiyo siri yake. Swali lenye namba lina anwani, mtu anaweza kulirejea mwaka ujao.

Usitarajie wote waandike. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alieleza uwiano wa kukadiria wa jumuiya za mtandaoni: katika watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara chache, na mmoja ndiye huandika sehemu kubwa. Ndiyo maana kundi la wanafunzi 60 wa darasa moja hunyamaza haraka. Kabla ya kulifungua, tafuta watu kama kumi wa fani tofauti, wa udongo, wa maji, wa umeme, wakubali kila mmoja siku yake ya zamu, na swali la mgeni lisilale bila hata neno moja.

Kazi za darasani zitakuja, hasa karibu na mitihani. Msizifukuze, mwombeni aliyeuliza aonyeshe hesabu yake hadi pale alipokwama. Lakini nondo za zege la ghorofa ya mtu zisiidhinishwe kundini kamwe. Mjadala ni wa kujifunza, na usanifu wa jengo hubaki kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aliyefika kwenye kiwanja.

Mwisho wa wiki, wa zamu ahamishe maswali yaliyojibiwa kwenye jedwali moja la pamoja: namba, swali, jibu, kipimo kilichothibitisha. Safu ya mwisho isijazwe mpaka kipimo kirudi. Ule ufa wa Oktoba utakaa wazi kwenye jedwali mpaka masika ipite.