James Watt hakuvumbua injini ya mvuke, na lile birika tuliache

Kila muhula wanafunzi wa ufundi mitambo huniletea jibu lilelile: James Watt, kijana wa Kiskoti, alitazama birika likichemka, kifuniko kikaruka, naye akavumbua injini ya mvuke. Jamani, hapana.

Watt alizaliwa Greenock mwaka 1736. Injini ya Thomas Newcomen ilianza kuvuta maji migodini Uingereza mwaka 1712, yaani miaka 24 kabla yake. Watt alikuta mashine inayofanya kazi, ila ina ulafi wa makaa usioelezeka. Mnamo 1763, akiwa fundi wa vyombo vya vipimo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, aliletewa mfano mdogo wa injini hiyo autengeneze. Ulikuwa ukipiga mipigo michache tu, mvuke umekwisha. Mwingine angechochea moto zaidi. Watt akakaa kupima. Akaona kwamba katika kila mpigo maji baridi hunyunyizwa ndani ya silinda ili mvuke ugeuke maji na pistoni ishuke. Silinda nayo inapoa, kwa hiyo mvuke mwingi unaofuata unaishia kuipasha moto upya.

Jibu lilimjia Mei 1765, akitembea siku ya Jumapili katika bustani ya Glasgow Green: mvuke upozwe kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki ya moto muda wote. Hiyo kondensa ndiyo kazi yake. Kichwa cha hataza yake (hati ya kulinda uvumbuzi) ya 1769 kinataja njia ya kupunguza matumizi ya mvuke na fueli, wala hakidai kwamba injini ni mpya. Hata malipo yalifuata hesabu hiyo: wenye migodi walitozwa theluthi ya thamani ya makaa waliyookoa. Ndiyo maana nawaambia vijana, kabla hujashika spana, tafuta kwanza joto linapotelea wapi.

Birika alikuwa nalo kweli, lakini akiwa mtu mzima wa karibu miaka 30, amelichomeka mrija wa kioo mdomoni ili apime joto la mvuke.

Eti alikuwa mtoto wa fukara? Babu yake, Thomas Watt, alifundisha hisabati na elimu ya ubaharia. Baba alikuwa mjenzi wa meli na mfanyabiashara.

Eti alitajirika papo hapo? Mfadhili wake, John Roebuck, alifilisika mwaka 1773. Mwaka huohuo mke wa Watt, Margaret Miller, aliyekuwa pia binamu yake, alifariki kwa uzazi wakati Watt yuko milimani akipima njia ya mfereji ili apate riziki. Mambo yalimnyookea baada ya kuhamia Birmingham na kushirikiana na mwenye kiwanda Matthew Boulton mwaka 1775. Alimwoa Ann MacGregor mwaka uliofuata. Watoto wao wawili, Gregory na Jessy, walikufa kwa kifua kikuu kabla ya baba yao.

Eti alivumbua treni? Muulizeni Richard Trevithick, aliyeendesha injini ya mvuke kwenye reli mwaka 1804. Injini hiyo ilitumia mvuke wa shinikizo kubwa, ambao Watt aliuogopa.

Na wati, kipimo cha nguvu ya mashine na umeme, kilipewa jina lake mwaka 1882. Yeye alikufa 1819. Mwenyewe alihesabu kwa farasi: farasi mmoja ni kuinua ratili 33,000 futi 1 kwa dakika, kama wati 746.